Shajara ya mradi: bunduki ya .22 inayokwama, kutoka meza ya fundi hadi huduma kwa wateja ya kiwanda

Kilichopo mezani

Bunduki ni ya risasi ndogo za .22 LR (Long Rifle), nusu otomatiki, yaani inajipakia yenyewe kila inapofyatuliwa, inatumia magazini ya sanduku ya risasi 10, na muda wa dhamana yake haujaisha. Imefika na magazini mbili, risiti na kitabu cha maelekezo. Malalamiko ya mwenyewe yameandikwa kwa neno moja: inakwama.

Neno hilo halimfikishi fundi popote. Risasi inaweza kushindwa kutoka kwenye magazini, ikatoka ikagonga mlango wa chemba (chumba cha nyuma ya mtutu risasi inamokaa ikifyatuliwa), ikaingia nusu ikagoma, au ganda la risasi iliyotangulia likawa ndilo linaloziba njia. Mikwamo hii ikitazamwa juu juu inafanana, lakini kila mmoja una chanzo chake. Anayeandikia kiwanda kwamba bunduki "inakwama" atajibiwa aisafishe na abadilishe risasi, na kwa kweli hakuna jibu jingine analoweza kupewa kwa maelezo hayo.

Kwa hiyo kazi yetu si kuitengeneza. Kazi ni kukusanya ushahidi unaotenganisha vitu vitatu, yaani magazini, bunduki na risasi, kisha kumwachia mtengenezaji atengeneze kwa gharama yake. Kutokana na hilo kuna katazo moja: tupa, msasa na koleo havigusi sehemu yoyote hadi kiwanda kiione. Midomo ya magazini (kingo za juu zinazoishika risasi) iliyokunjwa kwa koleo inafuta ushahidi, na inampa mtengenezaji sababu nzuri ya kukataa dhamana.

Kwa nini .22 ni ngumu kulisha

Risasi ya .22 LR ilitolewa mwaka 1887 na kampuni ya J. Stevens ya Marekani, kabla bunduki za nusu otomatiki hazijaenea. Umbo lake halijali mahitaji ya magazini. Ganda lina ukingo mpana nyuma, kipenyo chake kama milimita 7.06, wakati mwili wa ganda ni milimita 5.74. Fataki, yaani kilipuzi kinachowasha baruti, haipo katikati, imo ndani ya ukingo huo, na ndiyo maana bunduki hizi huitwa za rimfaya. Unene wa ukingo ni karibu milimita 1.1. Urefu wa risasi nzima hautakiwi kuzidi milimita 25.4.

Ukingo ndio mkorofi wa kwanza. Ukiwa kwenye magazini, ukingo wa risasi ya juu lazima ukae mbele ya ukingo wa risasi iliyo chini yake. Ukikaa nyuma, risasi ya juu inapotaka kwenda mbele inaivuta ya chini, zote mbili zinang'ang'aniana, na boliti, kile chuma kinachoisukuma risasi kuingia chemba, inaishia njiani.

Mkorofi wa pili ni kichwa chenyewe. Ni cha madini laini ya risasi, kimepakwa nta au shaba nyembamba sana, na kipenyo chake ni sawa na cha ganda. Nyuma yake kimepunguzwa kama kisigino ili kiingie kwenye ganda, na hapo ndipo kinaposhikwa. Mshiko huo ni mdogo. Kichwa kikigonga chuma vibaya kinapinda, kinachunwa au kinalegea.

Halafu kuna nguvu. Katika bunduki nyingi za aina hii boliti haifungwi na kitu. Inazuiwa na uzito wake na springi peke yake, na ganda linalosukumwa na gesi ndilo linaloirudisha nyuma. Springi ikiwa imepangiwa risasi za kasi, za mita 365 hadi 390 kwa sekunde, risasi ya kasi ya kawaida, ya kama mita 325, inaweza kushindwa kuisukuma boliti mpaka mwisho. Boliti ikirudi nusu njia haifiki nyuma ya ukingo wa risasi inayofuata. Inapita juu yake na kufunga chemba tupu, au inaikamata tumboni. Huo si ugonjwa wa bunduki hata kama unaonekana hivyo.

Usafi kwanza

Hatua hii haiepukiki kwa sababu swali la kwanza la kiwanda litakuwa hilo. Magazini nje, boliti nyuma, chemba imeangaliwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole. Ndipo ikafunguliwa kwa kufuata kitabu cha maelekezo, wala si zaidi ya pale kitabu kinaporuhusu mtumiaji.

Uchafu wa .22 haukai sana ndani ya mtutu. Unakaa kwenye chemba, kwenye uso wa boliti na chini ya kucha ya kuvutia ganda. Nta na masizi vinachanganyika na kuwa ukoko mgumu mbele ya chemba, hasa kama watu wamepiga .22 fupi kwenye bunduki ya LR. Ukoko huo unaizuia risasi kuingia milimita ya mwisho. Hapa chemba imewekewa matone ya kisafishio, ikaachwa dakika 15, ikasuguliwa kwa brashi ya shaba ya .22 kutoka upande wa nyuma, na kufutwa hadi kitambaa kikatoka cheupe. Chini ya kucha tulipitisha kijiti cha mbao chenye ncha na kutoa bonge la masizi.

Mafuta ni tone moja moja kwenye njia za boliti, kisha linafutwa libaki tabaka jembamba. Ndani ya magazini hatuweki mafuta kabisa. Yanashika vumbi la baruti na kukifanya kisukumio kinachoinua risasi kiwe kizito.

Majina ya mikwamo

Kabla ya kufyatua, kila aina ya mkwamo imepewa herufi, na kila mtu anayejaza daftari anatumia herufi hizo.

A: pua ya risasi imechimba chini ya mlango wa chemba.
B: pua imegonga juu ya mlango wa chemba, au imeingia kidogo ikanasa upande wa juu.
C: risasi imeingia karibu yote, boliti imebaki wazi milimita 1 hadi 3.
D: boliti imepita juu ya risasi au imeibana katikati.
E: ganda tupu limebaki chemba.
F: ganda tupu limetoka chemba lakini limebanwa na boliti kwenye tundu la kutokea.
G: pini ya kugonga imegonga ukingo, risasi haikulia.

A na B kwa kawaida zinaelekeza kwenye magazini au mlango wa chemba. D hutokana na nguvu ndogo au springi ya magazini iliyochoka, ambayo haiinui risasi upesi. E ni ya chemba au kucha. F ni ya kitupa ganda, kucha, au boliti inayorudi kwa unyonge. G mara nyingi ni risasi yenyewe, lakini C isiyoonekana vizuri inaweza kujifanya G: boliti haijafunga, pini inagonga risasi ambayo bado inasogea mbele, na nguvu yote inapotelea kwenye mwendo huo.

Kuhusu G kuna utaratibu usiovunjwa. Risasi isipolia, mtutu unabaki umeelekea tuta la shabaha kwa angalau sekunde 30 ndipo boliti ifunguliwe, kwa sababu fataki inaweza kuchelewa. Mlio ukiwa dhaifu isivyo kawaida, ufyatuaji unasimama na mtutu unaangaliwa kama umepitisha mwanga. Kwa C, hakuna kuipiga boliti kwa kiganja ili ifunge. Fataki iko ukingoni, na ukingo uliobanwa kati ya boliti na mtutu unaweza kulipuka wakati ganda halijazungukwa na chuma. Miwani ya macho ni lazima hata kwa anayesimama kando akiandika.

Jaribio la msingi

Magazini zimeandikwa 1 na 2 kwa rangi kwenye kitako. Risasi ni za aina tatu: ya kasi yenye pua ya mviringo na kichwa cha uzito wa greni 40, ya kasi yenye pua ya shimo, na ya kasi ya kawaida yenye pua ya mviringo. Kila magazini inapiga 50 za kila aina, jumla risasi 300, na magazini zinapishana kila baada ya risasi 10. Tukimaliza magazini 1 yote ndipo tuje 2, magazini ya pili itapata bunduki iliyochafuka na tutailaumu bure.

Kabla ya hapo risasi 20 za kila aina zilipimwa kwa venia, kifaa cha kupima hadi sehemu ndogo za milimita. Zote zimekaa chini ya milimita 25.4, ila zile za pua ya shimo ni fupi kidogo na vichwa viwili vilizunguka kwa kushikwa na vidole. Hivyo viwili vimetengwa visipigwe.

Ujazaji nao una namna yake. Kitufe cha pembeni kinashushwa kiasi cha risasi moja tu kila mara. Ukikivuta mpaka chini na kumwaga risasi zote kwa pamoja, nyingine zinalala pua chini, nyingine zinapandiana ukingo, kisha magazini inasingiziwa kosa la mkono.

Matokeo kwa muhtasari, jinsi yalivyopelekwa kiwandani:

Magazini 2 ilitoa B katika kila aina ya risasi, karibu kila ilipojazwa, na mara nyingi kwenye risasi mbili za juu, pale springi inaposukuma kwa nguvu zaidi. Magazini 1 ilitoa B kwa nadra, lakini ilitoa C, na C hizo zilitokea hata kwa risasi ya kasi yenye pua ya mviringo, ambayo ndiyo kitabu cha bunduki kinaipendekeza. D zote zilikuwa za kasi ya kawaida. E zilikuwa chache, na ganda lililobaki lilitoka kwa kuvutwa kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. A, hakuna kabisa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Magazini 2 ni mbovu, hilo halina ubishi, na ni rahisi kuomba magazini mpya na kufunga daftari. Lakini magazini mbovu haisababishi E. Ganda lililokwisha kulia halina habari na magazini. E na C zikitokea pamoja na B, tena B ikiwa ni ya upande wa juu, kuna kitu ndani ya mlango wa chemba.

Ganda chini ya lenzi

Maganda yote yaliokotwa na kugawanywa kwa aina. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha. Ganda la rimfaya likilia, pini inaacha alama ya mstatili mdogo kwenye ukingo, na alama hiyo inakuonyesha ganda lilikuwa limekaaje ndani ya chemba. Ni kipimo cha bure. Alama nyingine yoyote inayojirudia, ukiipima umbali wake kutoka kwenye alama ya pini, unajua iko upande gani wa chemba.

Kila ganda tulilotazama lilikuwa na mchirizi wa urefu, mwembamba, unaoanzia karibu na ukingo kuelekea mbele. Na kila mchirizi ulikuwa umenyooka sambamba na alama ya pini, haukuhama hata kidogo. Risasi zilizotolewa baada ya B zilikuwa na kovu la umbo la ukucha juu ya kichwa, na vipande vya madini vilivyochunwa vilikutwa kwenye mlango wa chemba, upande wa juu. Nta imekwanguliwa hapo tu. Chini na pembeni kichwa ni kizima.

Tochi ikimulika kutoka tundu la kutokea ganda inaonyesha kinachofanya hivyo. Ukingo wa nyuma wa mtutu, mahali pini inapofikia, una kidonda kidogo cha mstatili, na chuma kilichosukumwa kutoka kwenye kidonda hicho kimevimbia ndani ya chemba. Uvimbe ni mdogo kiasi kwamba picha ya kawaida haiuonyeshi. Ncha ya kijiti cha mbao ikipitishwa kutoka ndani kuja nje inaunasa kila mara.

Sasa mikwamo yote inaeleweka. Risasi inapanda kutoka magazini kwa mshazari, kwa hiyo pua inapoingia inasugua upande wa juu wa chemba, palepale penye uvimbe. Ikipita, uvimbe unalibana ganda mwishoni: C. Ikilia, ganda linatanuka na kuushika uvimbe: E. Magazini 2 inaongeza tabu. Midomo yake, ikipimwa kwa venia sehemu ya mbele, ni mipana kuliko ya magazini 1 kwa milimita 0.3. Inaiachia risasi mapema, pua inaruka juu na kugonga uvimbe uso kwa uso. Ni kasoro mbili zinazopeana nguvu, na kuondoa moja kungepunguza mikwamo bila kuimaliza.

Lililobaki ni kujua pini imefikaje kwenye mtutu. Kishimo cha kupokea ukingo kina kina cha unene wa ukingo, karibu milimita 1.1, na pini inatakiwa ijitokeze chini ya hapo, ili ikifyatuliwa bila risasi isifikie chuma. Kipimo rahisi: hakikisha mara mbili kuwa bunduki ni tupu, paka wino wa kalamu nyuma ya mtutu, funga boliti, fyatua mara moja tu, fungua. Wino umekwanguka. Pini inajitokeza kupita kiasi, au pini ya kizuizi iliyo ndani ya boliti, inayoizuia isiende mbele kupita kiasi, imelika. Jaribio hili linafanywa mara moja na kupigwa picha. Kulirudia ni kuongeza kidonda.

Sentensi ya kitabu cha maelekezo inayoruhusu kufyatua tupu imepigwa picha pia, pamoja na namba ya ukurasa. Bila hiyo kiwanda kingeweza kusema mtumiaji ndiye aliyeharibu mtutu.

Barua ya kwanza

Kwenye fomu ya huduma kwa wateja tuliandika vitu kwa mpangilio huu: modeli, namba ya silaha, tarehe ya kununuliwa, picha ya risiti. Kisha sentensi moja ya tatizo. Kisha matokeo kwa magazini na kwa aina ya risasi, pamoja na chapa ya risasi na namba ya toleo iliyo kwenye boksi. Kisha picha nne tu: kovu kwenye kichwa pembeni ya rula, ganda lenye mchirizi na alama ya pini, wino uliokwanguka, na ukurasa wa kitabu. Mwisho, tunachoomba: magazini 2 ibadilishwe, pini na chemba vikaguliwe kiwandani, na gharama ya usafiri ielezwe ni ya nani.

Sentensi ya tatizo ilikuwa hii: "Risasi zinanasa upande wa juu wa mlango wa chemba kwa magazini zote mbili, na maganda yaliyolia yana mchirizi sambamba na alama ya pini; tunaona uvimbe wa chuma mahali pini inapogusa mtutu."

Hatukuandika hasira, wala kisa cha jinsi mashindano yalivyoharibika. Mhudumu anayesoma fomu hiyo mara nyingi si fundi, na kazi yake ni kuamua ipelekwe wapi. Maneno "pini inagusa mtutu" yanampa pa kuipeleka.

Jibu, na magazini mpya

Jibu la kwanza lilikuwa la kawaida: safisha chemba, tumia risasi za kasi. Tulijibu katika barua ileile, bila kufungua fomu mpya, tukirejea mistari inayoonyesha hayo yamefanyika. Kufungua fomu mpya kunazaa namba mpya ya kesi, na historia inabaki kwenye ile ya zamani.

Kiwanda kikatuma magazini mbili bila malipo, kikaomba zijaribiwe kabla ya kupokea bunduki. Ombi hilo ni la haki. Usafirishaji wa silaha ni ghali na una makaratasi, magazini inapita kwenye bahasha. Zimeandikwa 3 na 4. Midomo yake imelingana na ya magazini 1.

Jaribio lilelile, aina zilezile. B karibu zimekwisha. C na E zipo palepale. Haya ndiyo matokeo tuliyotaka kuyapeleka, kwa kuwa sasa magazini nzima zimethibitisha kuwa bunduki nayo ina kasoro. Barua ya pili ilikuwa na mistari minne na picha mpya ya ganda lenye mchirizi lililotoka magazini 3. Jibu la kiwanda lilikuja na namba ya ruhusa ya kurudisha bunduki.

Kufunga kifurushi

Kabla ya kufunga chochote, tuliuliza kwa maandishi maswali mawili. La kwanza: je, mwili wa bunduki unaweza kubadilishwa? Namba ya silaha iko kwenye mwili, na ukibadilishwa leseni inapaswa kurekebishwa kabla bunduki mpya haijapokelewa. La pili: inatumwa moja kwa moja au kupitia muuzaji mwenye leseni? Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, na kampuni za usafirishaji zina masharti yake juu ya sheria hizo, zikiwemo kutangaziwa silaha mapema na kupokelewa kwa sahihi ya mtu mzima.

Vilivyoondolewa: darubini, mkanda, miguu ya kuegemea. Kiwanda hakivihitaji, na vikipotea ubishi hauishi. Nafasi ya darubini kwenye reli imewekewa alama ya penseli.

Vilivyowekwa: bunduki tupu yenye kibendera cha plastiki kwenye chemba, magazini 1 na 2, mfuko wa maganda matupu yenye mchirizi, na karatasi yenye namba ya ruhusa, muhtasari wa tatizo na anwani ya kurudishia. Namba ya ruhusa imeandikwa pia nje ya boksi. Nje hakuna neno wala picha inayotaja silaha, isipokuwa pale msafirishaji anapolazimisha.

Risasi hazitiwi humo hata moja. Inaudhi kidogo, kwa sababu ushahidi mzuri kuliko wote ni ile risasi yenye kovu kichwani, nayo bado ni hai. Picha yake pembeni ya rula ndiyo inayosafiri.

Magazini 2 ilipelekwa makusudi pamoja na 1. Fundi wa kiwandani akijaribu kwa magazini ya kwake, bunduki inaweza kupiga vizuri na kurudishwa na karatasi ya "haina tatizo". Karatasi yetu ilimwomba ajaribu kwa magazini 1 na risasi ya kasi ya pua ya mviringo, ambayo ilitoa C kwa uhakika zaidi, kisha atazame chemba.

Imerudi

Namba ya silaha ni ileile. Magazini 1 imerudi, 2 imebaki kiwandani. Karatasi ya kazi ina mistari mitatu: chemba imerekebishwa, pini ya kugonga na pini ya kizuizi zimebadilishwa, imejaribiwa. "Imerekebishwa" haitoshi, kwa hiyo tuliuliza namna. Uvimbe ukikatwa kwa tupa au kwa kikereza, chuma kinaondoka na kidonda kinabaki shimo. Ganda lisiloungwa mkono hapo linaweza kuvimba au kupasuka ukingoni. Uvimbe ukisukumwa nyuma kwa nondo laini ya kipimo cha chemba, chuma kinarudi kilipotoka. Jibu: ulisukumwa. Hiyo ndiyo njia tunayoikubali kwa kidonda kidogo. Kwa kikubwa tungedai mtutu mpya.

Ukaguzi wa mezani kabla ya risasi: kijiti cha mbao hakinasi tena upande wa juu. Kucha inashika ukingo wa ganda tupu na kulibeba kwenye uso wa boliti bila kuliangusha. Jaribio la wino limefanywa mara moja, na wino uko mzima.

Kitu kimoja kilichosahaulika kiwandani: mafuta mengi ya kuzuia kutu ndani ya mtutu na chemba. Yamefutwa makavu. Mafuta kwenye chemba yanapunguza mshiko wa ganda na kuongeza kishindo kwenye boliti, na matokeo ya kwanza yangekuwa ya uongo.

Jaribio la kupokea

Magazini 1, 3 na 4, 50 za kila aina kwa kila magazini, zikipishana kila 10, bila kusafisha katikati. Kigezo kiliandikwa kabla: kwa risasi ya kasi yenye pua ya mviringo, A hadi F ziwe sifuri. Kwa pua ya shimo tunavumilia mkwamo mmoja, kwa kuwa umbo la pua yake si lile ambalo mteremko wa kuiongoza risasi kuingia chemba ulichongewa. Kasi ya kawaida inapigwa kwa kumbukumbu tu.

Bunduki imefaulu kwa aina mbili za kwanza. Maganda yametazamwa kwa lenzi: alama ya pini ipo, mchirizi haupo. Kasi ya kawaida bado inatoa D, nyingi zaidi kadiri masizi yanavyoongezeka kuelekea mwisho. Hatujaipeleka kiwandani kama dai. Kitabu kinasema risasi za kasi, na springi imepangwa hivyo. Anayetaka kupiga za polepole kwa sababu ya sauti atalazimika kuweka springi nyepesi, na akishaiweka asirudi kwenye za kasi, maana boliti itagonga nyuma ya mwili kila risasi na hatimaye kuuchosha.

Darubini imerudishwa kwenye alama ya penseli na kupangwa upya kwa mita 50. Pointi ya kupigia ilikuwa imehama kidogo, jambo la kawaida darubini ikishatolewa.

Yaliyobaki kwenye daftari

Chemba inapigwa brashi kila baada ya risasi 250, hata kama mtutu hauguswi. Maganda matano ya kila kikao yanawekwa kwenye mfuko wenye tarehe, na kutazamwa kama mchirizi umerudi. Pini mpya ikianza kugusa mtutu, mchirizi utaonekana kabla ya mkwamo wa kwanza.

Kufyatua tupu kumesimamishwa kwenye bunduki hii, kitabu kiseme kisemavyo. Kesi imefungwa kwa barua inayotaja namba ya silaha, sehemu zilizobadilishwa na matokeo ya jaribio la kupokea. Nakala ya barua hiyo na karatasi ya kazi zimewekwa pamoja na leseni, zikabidhiwe pamoja na bunduki endapo itauzwa.